Viyeyushi vya kijani: namna ya kulifungua kumbi la nazi bila kulichoma wala kulitia sumu

Kila palipo na madafu Mombasa pana rundo la makumbi. Utalikuta karibu na kivuko cha Likoni, utalikuta Kongowea nyuma ya vibanda ambako nazi hufuliwa, na ukienda mpaka Mtwapa bado hujalikwepa. Sehemu kubwa huishia motoni au jaani. Wakati huohuo, ndani ya kila kumbi mna vitu ambavyo viwanda hununua kwa bei nzuri kimojakimoja: selulosi ya kutengenezea karatasi na vitambaa, sukari zinazoweza kugeuzwa kuwa pombe ya kuendeshea magari, na lignini inayotafutwa kwa ajili ya gundi na rangi. Kazi iko kwenye kuvitenganisha. Mmea umejengwa ili usitenganishwe, na kwa zaidi ya miaka mia moja njia zilizofaulu kuutenganisha zimekuwa za kuchoma, kuchemsha kwa kemikali kali au kutumia sumu.

Tangu mwanzoni mwa karne hii wanakemia wamekuwa wakitafuta vimiminika vya aina nyingine, vyenye uwezo wa kumumunya mmea bila madhara hayo. Huitwa viyeyushi vya kijani. Sifa zao zimeandikwa sana, na nyingi ni za kweli, lakini zimechanganywa na mambo yasiyo kweli kiasi kwamba mtu wa huku pwani anayetaka kujua kama makumbi yake yana faida hapati pa kushika. Nitajaribu kuufungua mzigo huo.

Tuanze na mmea wenyewe. Chukua nyumba ya kukandika ya Kilifi bara: kuna fito, kuna kamba zinazofunga fito, na kuna udongo uliokandikwa ukajaza nafasi zote. Ukuta wa chembechembe za mmea umejengwa kwa mpango huohuo. Fito ni selulosi, kamba ni hemiselulosi, na udongo ni lignini. Kwenye mbao za kawaida selulosi ni kama 40 hadi 50% ya uzito mkavu, hemiselulosi 20 hadi 30%, na lignini sehemu kubwa ya kinachobaki. Viwango hivyo hubadilika sana kati ya mmea na mmea, na mabadiliko hayo ndiyo yatakayoamua karibu kila kitu huko mbele. Nyuzi za pamba ni selulosi zaidi ya 90%, lignini hamna. Mkonge una selulosi kama theluthi mbili. Usumba wa nazi uko upande wa pili kabisa: lignini yake inaweza kufika 40% au kuzidi, ndiyo maana kamba ya usumba huvumilia bahari miaka.

Sasa, kwa nini maji hayafui dafu hapa? Selulosi ni mnyororo wa glukosi, sukari ileile inayomumunyika kwenye chai. Hata wanga wa ugali ni glukosi. Yaani ugali na leso ya pamba vimetengenezwa kwa tofali moja, ila kimoja tunakila na kingine tunajifunga. Tofauti ni namna tofali moja linavyoungwa na jingine. Kwenye wanga kiungo kimepinda, mnyororo hujizungusha, maji yanapata pa kuingia. Kwenye selulosi kiungo kinaufanya mnyororo unyooke, na minyororo iliyonyooka hulala sambamba ikishikana kwa vifungo vya hidrojeni, maelfu kwa maelfu, tena ikipangana matabaka juu ya matabaka. Kifungo kimoja cha hidrojeni ni dhaifu. Maelfu yakiwa pamoja, maji hayawezi kuyafungua. Wala moto hausaidii: plastiki ukiipasha inalainika na unaifinyanga upya, lakini selulosi ukiipasha kufika karibu sentigredi 300 inaungua kabla haijawa kimiminika. Ukitaka kuipa umbo jipya, huna budi kuimumunya katika kitu.

Wanawake wa vijiji vya pwani walilikabili tatizo hili kabla kemia haijaitwa kemia. Makumbi huzikwa kwenye mashimo mahali ambapo maji kujaa hufika, yakafunikwa kwa mawe na mchanga, yakaachwa miezi. Chini kule hewa haifiki, na bakteria wasiohitaji hewa hula pektini na vitu vingine laini vinavyogandisha nyuzi. Siku ya kuyafukua, tope limekuwa jeusi na harufu ni ya yai viza. Kumbi linawekwa juu ya gogo au jiwe, linapigwa kwa rungu mpaka nyama yote itoke ubaki usumba, unasuuzwa kwa maji ya bahari, unaanikwa, kisha unasokotwa kwa viganja. Hakuna kuni, hakuna kemikali ya kununua, na kazi ya kuyabadilisha maji hufanywa na bahari yenyewe. Kwa maoni yangu hiyo ni kemia ya kijani kuliko nyingi zinazouzwa kwa jina hilo. Upungufu wake ni kwamba ni ya polepole, inachosha mgongo, na inatoa bidhaa moja tu, kwa sababu lignini inabaki karibu ilivyokuwa.

Jikoni nako kuna magadi. Kipande kidogo kwenye chungu cha kunde kavu hufupisha muda wa kuchemsha, kwa kuwa alkali hulegeza pektini na hemiselulosi za ganda. Viwanda vilichukua wazo hilohilo vikalikuza. Karatasi nyingi duniani hutengenezwa kwa kupika vipande vya mbao ndani ya kostiki soda na sodiamu salfaidi kwenye joto la karibu sentigredi 170, lignini ikayeyuka na kuondoka. Waliowahi kupita Webuye enzi za kiwanda cha karatasi wanaijua harufu ya njia hiyo bila kuelezwa.

Upande wa vitambaa mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 1892, Uingereza, Charles Cross, Edward Bevan na Clayton Beadle walipata hataza ya viskosi: selulosi ya mbao inalowekwa kwenye kostiki, inachanganywa na kaboni disalfaidi mpaka ikubali kumumunyika, halafu inapitishwa kwenye vitundu vidogo hadi kwenye bwawa la asidi, inatoka uzi. Dera nyingi unazoziona Mombasa, zile laini zinazomwagika mwilini, ni za rayoni, na rayoni ya kawaida ni viskosi hiyo. Anayeivaa haimdhuru. Aliyeifuma uzi ndiye aliyekuwa hatarini, kwani kaboni disalfaidi huharibu neva na moyo, na historia ya viwanda hivyo imejaa wafanyakazi waliopooza na waliorukwa na akili.

Kwa hiyo kiyeyushi kipya kilihitajika. Lakini kijani maana yake nini? Mwaka 1998 Wamarekani wawili, Paul Anastas na John Warner, walichapisha kanuni 12 za kemia ya kijani. Ya 5 inahusu viyeyushi, na watu huikumbuka nusu. Nusu wanayoikumbuka inasema kiyeyushi kisiwe na madhara. Nusu inayotangulia inasema kama kazi inaweza kufanyika bila kiyeyushi chochote, usikitumie. Nitairudia nusu hiyo tukifika kwenye makumbi. Jambo jingine ni kwamba kutoka kwenye mmea hakumfanyi mtu awe malaika: limonini, mafuta ya ganda la chungwa yanayosifiwa kama kiyeyushi cha asili, inashika moto na ni sumu kali kwa viumbe wa majini.

Kundi la kwanza kupata umaarufu ni vimiminika vya ioni. Hizi ni chumvi. Chumvi ya Gongoni ukiitia motoni itakaa ngumu mpaka sentigredi 801, kwa sababu ioni zake, yaani chembe zenye chaji ya umeme, chanya na hasi, ni ndogo, mviringo, na zinapangana vizuri. Ukibadilisha ioni chanya ukaweka molekuli kubwa yenye umbo la ovyoovyo, mpangilio unashindikana na chumvi inakuwa kimiminika chini ya sentigredi 100, nyingine hata kwenye joto la kawaida la chumba. Paul Walden alieleza moja mwaka 1914, iliyeyuka kwa sentigredi 12. Mwaka 1934 Charles Graenacher alipewa hataza ya kumumunya selulosi ndani ya chumvi za aina hiyo zilizoyeyushwa, na karibu hakuna aliyejali. Wazo likalala hadi 2002, pale kundi la Robin Rogers wa Chuo Kikuu cha Alabama lilipoonyesha kwamba kloridi ya butilimethilimidazoli humumunya selulosi safi hadi 10% kwa kupashwa moto, na hadi 25% likitumiwa wimbi la maikrowevu.

Siri yake iko kwenye ioni hasi. Kloridi, au asetati katika vimiminika vilivyofuata, ina njaa ya hidrojeni. Inaingia katikati ya minyororo na kukamata zile hidrojeni zilizokuwa zikishikanisha mnyororo na mnyororo. Vifungo vya zamani vinaachia, kila mnyororo unabaki peke yake ukiogelea. Uzi wa pamba ukitazamwa kwa hadubini wakati huo hauishi polepole kutoka nje kwenda ndani kama unavyodhania. Gamba lake la nje hukawia, ndani tayari kumefura, kwa hiyo uzi hututumka hapa na kubanwa pale, hututumka tena mbele yake, kisha vile vitutumko hupasuka kimoja baada ya kingine na uzi ukatoweka. Kinachobaki ni kimiminika kizito kinachopitisha mwanga. Kimimine kwenye maji, na selulosi inarudi papo hapo kuwa kitu kigumu: ukipitisha kwenye vitundu unapata uzi, ukitandaza unapata karatasi nyembamba.

Inarudi kwa nini? Kwa sababu ioni hasi hupenda maji kuliko selulosi. Yakiingia maji, inaiacha selulosi na kuyakumbatia. Hapa ndipo pana kiini cha mambo yote, na ndipo maandishi mengi ya kusifu hupita mbio. Maji ndiyo yanayokurudishia selulosi yako, na maji hayohayo ndiyo yanayokiua kiyeyushi. Katika kloridi ile, maji ya kiasi cha 1% hivi yanatosha kupunguza vibaya uwezo wa kumumunya. Basi kila mzunguko ukiisha, maji yote uliyoyatia lazima yatoke kabla hujaanza mzunguko mwingine.

Ulete jambo hilo Mombasa, ambako unyevu wa hewa mara nyingi huzidi 70%. Pamba iliyokaa tu kwenye rafu katika hewa ya namna hiyo huwa imebeba maji ya karibu 8% ya uzito wake. Ukitia kilo 100 za pamba hiyo ndani ya kilo 900 za kiyeyushi, umeingiza kilo 8 za maji, yaani karibu 0.8% ya mchanganyiko mzima. Umekaribia mpaka kabla hata hujafungua mfuniko. Kiyeyushi chenyewe nacho hunyonya unyevu hewani. Njia iliyofaulu kwenye maabara kavu ya nchi ya baridi, ukiileta Tudor au Shimanzi, hatua yake ya kwanza inageuka kuwa kukausha.

Sifa iliyovipa vimiminika vya ioni jina la kijani ni kwamba karibu haviendi hewani kabisa: havinuki, havishiki moto kwa urahisi, havichafui hewa ya kiwandani. Ni kweli. Lakini kisichopaa huwezi kukichuja kwa kukivukiza, unalazimika kuvukiza kila kitu kingine kilichomo. Na kikitoroka, hutorokea majini. Majaribio kwa mwani na viumbe wadogo wa majini yameonyesha kuwa vingi vya jamii ya imidazoli ni sumu, hasa vyenye mkia mrefu wa kaboni, na haviozi upesi. Kwa mji uliozungukwa na hori, hiyo si habari ndogo.

Kundi la pili lilitoka Leicester, Uingereza. Mwaka 2003 Andrew Abbott na wenzake walichanganya kolini kloridi na yurea. Vyote ni unga mweupe. Yurea mkulima anaijua kama mbolea. Kolini kloridi hutiwa kwenye chakula cha kuku. Yurea huyeyuka kwa sentigredi 133, kolini kloridi kwa 302. Ukizichanganya kwa kipimo cha molekuli moja ya kolini kwa mbili za yurea, mchanganyiko huyeyuka kwa 12 tu. Mwalimu wa kemia anaweza kuionyesha darasani: gramu 140 za kolini kloridi kavu na gramu 120 za yurea kwenye bika, juu ya maji ya moto ya sentigredi 80, huku akikoroga. Mwanzoni unga unaloa pembeni, halafu unakuwa uji, halafu unakuwa kimiminika kisicho na rangi, na kikipoa hakirudi kuwa unga. Kloridi imeshikana na yurea, na hakuna kati yao anayeweza tena kujipanga kuwa fuwele.

Vimiminika hivi huitwa viyeyushi vya yutektiki, na uzuri wake ni bei na usalama wa viambato. Badala ya yurea unaweza kutia asidi ya laktiki, ile ya maziwa lala, au glisaroli inayobaki kwenye utengenezaji wa dizeli ya mimea. Kwa hiyo viliandikwa haraka kuwa mbadala wa vimiminika vya ioni katika kila kazi. Hapo ndipo penye mkanganyiko mkubwa kuliko yote. Kwa jumla haviimumunyi selulosi, au huimumunya kidogo mno. Kloridi yao tayari imeshikwa na yurea au asidi, haina mkono uliobaki wa kufungua fito. Vinachokiweza ni udongo: mchanganyiko wa kolini na asidi ya laktiki au ya oksaliki, ukipashwa kati ya sentigredi 120 na 150, huondoa lignini nyingi kwenye mbao na majani, selulosi ikabaki ngumu chini. Unaichuja selulosi, unaongeza maji kwenye kimiminika, na lignini inatuama ikiwa unga wa kahawia. Kazi nzuri, ila si ileile. Mtu akikuambia ana kiyeyushi cha kijani cha kumumunya mimea, swali la kwanza la kumuuliza ni kinamumunya sehemu gani ya mmea.

Navyo vina kasoro zao. Ni vizito, ule wa kolini na yurea kwenye joto la chumba ni mzito mamia ya mara kuliko maji, hivyo kuusukuma kwenye mabomba au kuuchuja ni shughuli. Kloridi nyingi kwenye moto hula chuma. Yurea ikipashwa sana huvunjika na kutoa amonia. Asidi huanza kuungana na kolini na kuwa kitu kingine, kwa hiyo kiyeyushi unachokirudisha mara ya kumi si kile ulichoanza nacho.

Kuna vingine ambavyo nitavigusa tu. Kundi la Lina Zhang katika Chuo Kikuu cha Wuhan, Uchina, liliimumunya selulosi ndani ya maji yenye 7% ya kostiki soda na 12% ya yurea, ila yapoozwe kwanza hadi sentigredi 12 chini ya sifuri. Selulosi yenye minyororo isiyo mirefu sana huisha kwa dakika chache. Ni viambato vya bei nafuu sana, na pengine ni kitu cha kufikiriwa na mji wenye mashine za barafu za kuhifadhia samaki. Gamma-valerolaktoni hutengenezwa kutoka kwenye mimea yenyewe na hutumika pamoja na maji kuvunja selulosi na hemiselulosi kuwa sukari. Pombe ya kawaida ikichanganywa na maji, ikapashwa hadi sentigredi 160 hadi 200 ndani ya chombo cha kuhimili shinikizo, huyeyusha lignini vizuri. Mnazi ungeweza kinadharia kutoa kumbi la kumumunywa na tembo la kulimumunyia, ingawa sidhani kama mgema angekubali matumizi hayo. Kaboni dioksaidi iliyobanwa, inayoanza kufanya kazi juu ya sentigredi 31 na shinikizo la zaidi ya mara 70 ya hewa ya kawaida, ni hodari wa kutoa mafuta na kafeini. Selulosi haiigusi.

Turudi kwenye hesabu. Chukua mfano wa kubuni tu: unataka tani 1 ya selulosi kutoka kwenye kimiminika chenye selulosi 10%. Unahitaji tani 9 za kiyeyushi. Ukikirudisha 99%, umepoteza kilo 90 kwa kila tani ya bidhaa. Ukikirudisha 90%, jambo ambalo kwenye maabara lingeonekana ni ushindi, umepoteza kilo 900, karibu uzito wa bidhaa yenyewe, na zimekwenda mahali fulani. Sasa tuseme baada ya kusuuza, kiyeyushi kinakurudia kikiwa 20% na maji 80%. Tani 9 za kiyeyushi zimekuja na tani 36 za maji ya kuondoa. Kuvukiza lita moja ya maji yaliyokwisha kufika mchemko kunameza joto la kama kilowati-saa 0.63, kwa hiyo tani 36 zinataka karibu kilowati-saa 22,700. Mitambo ya kuvukiza kwa hatua, mvuke wa hatua moja ukipasha inayofuata, hupunguza hesabu hiyo mara kadhaa. Lakini mitambo hiyo ndiyo inayogharimu, na mara nyingi ndiyo inayokosekana kwenye picha za kuvutia za maabara.

Anayefahamu hesabu hii ataelewa kwa nini kiyeyushi kilichofaulu zaidi kibiashara si kimoja wa waliosifiwa hapo juu. Ni amini oksaidi moja inayofupishwa NMMO, inayotengenezea uzi uitwao layoseli, ambao sokoni unajulikana zaidi kwa jina la Tencel. Kampuni ya Courtaulds ilianza kuutengeneza kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sasa jina ni la Lenzing ya Austria. NMMO ina hatari yake: ikipata joto la kupita kiasi au chembe za chuma na shaba inaweza kuvunjika kwa mlipuko, hivyo lazima itiliwe dawa ya kuituliza. Kilichoipa ushindi ni kwamba inarudishwa zaidi ya 99%, mzunguko baada ya mzunguko. Vimiminika vya ioni vinafuata njia hiyohiyo. Nchini Ufini, Chuo Kikuu cha Aalto na cha Helsinki walibuni Ioncell, na tarehe 6 Desemba 2018 mke wa rais wa wakati huo, Jenni Haukio, alivaa gauni la uzi huo uliotokana na mbao za mti wa birch. Imperial College ya London nao walichagua njia ya bei rahisi: chumvi ya asidi ya salfuri na trietilamini, inayofanya kazi hata ikiwa na maji 20%. Haimumunyi selulosi, inaondoa lignini na hemiselulosi. Kwa nchi ya hewa nzito kama yetu, kiyeyushi kinachovumilia maji kina maana kuliko chenye nguvu zaidi kinachodai ukavu.

Kwa hiyo makumbi tuyafanyeje? Jibu langu litawaudhi wengine: tusiyamumunye kwa ajili ya selulosi. Ni malighafi mbaya kwa kazi hiyo. Yana lignini nyingi mno, mabichi yana maji zaidi ya nusu ya uzito wake, na selulosi unayoipata baada ya tabu yote haishindi ya pamba. Lakini lignini hiyohiyo ikibanwa kwenye joto hulainika na kuwa gundi. Watafiti wa Wageningen, Uholanzi, walionyesha miaka ya 2000 kwamba kumbi zima likisagwa na kubanwa kwa joto na shinikizo hutoa ubao mgumu bila kuongezwa gundi yoyote. Hakuna kiyeyushi, hakuna cha kurudisha, hakuna cha kumwaga horini. Ile nusu ya kwanza ya kanuni ya 5 inatimia. Mashine ya kubania inataka umeme, na kumbi linataka kukaushwa, ila jua la pwani linaweza kubeba sehemu ya kazi hiyo.

Makapi ya miwa ya Ramisi ni habari nyingine. Yana selulosi na hemiselulosi za kutosha na yamekusanyika mahali pamoja, jambo ambalo makumbi hayana. Hapo kiyeyushi cha kutoa lignini kingefaa kiufundi. Shida ni kwamba kiwanda cha sukari huyachoma makapi kupata mvuke na umeme, kwa hiyo lazima uyanunue kwa bei inayoshinda thamani yake kama kuni. Na mabaki ya mkonge wa Vipingo, yale majimaji yanayotoka uzi ukishaondolewa, yamelowa mno kwa kiyeyushi chochote kinachochukia maji. Hayo yanafaa kuozeshwa yatoe gesi kuliko kumumunywa.

Malighafi ambayo viyeyushi vya selulosi viliumbwa kwa ajili yake iko mjini, wala haikuota Kenya. Ni pamba. Mitumba inayofunguliwa Kongowea huwa na nguo zisizouzika, na viwanda vya nguo vya EPZ, yaani maeneo ya kutengenezea bidhaa za kuuzwa nje, hubaki na vipande baada ya kukata mitindo. Vipande vya EPZ navipenda zaidi. Ni vikavu, ni visafi, na kiwanda kinajua kila robota limefumwa kwa uzi gani, ilhali mtumba mmoja una uzi wa aina nne na zipu. Hata kitambaa cha pamba kilichochanganywa na polista hakikatai: kiyeyushi kinaichukua pamba, polista inabaki nzima kwenye chujio, kila mmoja akaenda zake. Kutenganisha hivyo kwa mkono au kwa mashine ya kawaida hakuwezekani.

Hata hivyo kemia nzuri haitoshi. Renewcell ya Uswidi iligeuza nguo chakavu za pamba kuwa selulosi ya kutengenezea uzi mpya, ikajenga kiwanda kikubwa Sundsvall, ikasifiwa kila kona, na Februari 2024 ikafilisika kwa sababu maagizo hayakuja kwa kiasi kilichotarajiwa. Vipande vya hapa nyumbani tayari vina wateja: mafundi wa gereji wanavinunua kupangusia oili, na wengine wanavichambua kujazia mito na magodoro ya bei rahisi. Yeyote atakayefungua mtambo wa kumumunya pamba Changamwe au Mikindani ataanza kwa kuwapandia dau hao, halafu ndipo alipe bili ya kuvukiza maji.